Ukurasa mmoja, kurasa kadhaa au picha kwanza: tovuti ipi itamfaa mgeni wako?

Kama una nyumba ya wageni kule Dunda, hapa Bagamoyo, au boti ya kuwapeleka watu mdomo wa mto Ruvu wakaone viboko, au karakana ya kuchonga milango na vinyago, huenda umeshafika hapa: umeamua kuwa na tovuti, umempata fundi, mmekaa chini, na swali lake la kwanza limekukwamisha. "Unataka tovuti ya namna gani?" Wengi hujibu "nzuri tu", fundi anakwenda kutengeneza ile aliyoizoea, na anayekuja kutaabika ni mgeni, ambaye bando lake linaisha na swali lake halijajibiwa.

Nalinganisha aina 3, maana ndizo zinazowafaa wafanyabiashara wadogo na wa kati wa Bagamoyo. Ya kwanza ni tovuti ya ukurasa mmoja, ambao mgeni anateremka nao kutoka juu hadi chini. Ya pili ni tovuti ya kurasa kadhaa yenye menyu. Ya tatu naiita picha kwanza: picha na video ndizo zinazozungumza, maneno yanafuata nyuma. Zote zinaweza kumpendeza mgeni na zote zinaweza kumkimbiza. Ninachoshikilia ni kwamba uchague kwa kuanzia kwenye swali alilokuja nalo mgeni wako, kisha ujipime kama utaweza kuitunza aina uliyoichagua.

Na wageni wetu hawafanani. Kuna familia ya Dar es Salaam inayotafuta pa kushinda Jumapili, mama ameshika simu ndani ya gari, watoto wanapiga kelele nyuma. Kuna mwalimu anayepanga ziara ya wanafunzi 60 kwenda Magofu ya Kaole na Misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, kule ambako mwili wa David Livingstone ulifikishwa mwaka 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Kuna kijana wa Ulaya anayetaka kujifunza ngoma na amesikia habari za TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni iliyopo hapa Bagamoyo. Kuna mnunuzi wa sanaa anayetaka kuona mlango uliochongwa kabla hajapanda basi. Mama wa kwenye gari ana dakika 1 ya subira, mwalimu ana jioni nzima.

Vigezo vya kupimia

Cha kwanza ni kasi. Jakob Nielsen, mtaalamu wa namna watu wanavyotumia kompyuta, alieleza mwaka 1993 mipaka ambayo mafundi wanaitumia mpaka leo: kitu kikiitika ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtu huona kimetokea papo hapo, kikichukua sekunde 1, anahisi kuchelewa ila mawazo yake hayajakatika, kikifika sekunde 10, akili imeshahama. Google nayo inapendekeza kile kitu kikubwa zaidi kwenye kioo, mara nyingi picha ya juu, kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5.

Tupige hesabu ya hapa kwetu. Picha iliyotoka kwenye simu bila kupunguzwa inaweza kuwa na MB 4. Mtandao ukiwa unatoa megabiti 2 kwa sekunde, MB 4 ni megabiti 32 (kila MB 1 ni megabiti 8), yaani sekunde 16 kwa picha moja tu. Picha hiyo hiyo ukiipunguza upana mpaka pikseli 1200 na kuihifadhi kwa WebP, muundo wa faili za picha nyepesi, mara nyingi inashuka chini ya KB 200, na kwa mtandao ule ule inafunguka kabla sekunde 1 haijaisha. Kwenye kioo cha simu mgeni haoni tofauti. Hii ndiyo kazi ndogo yenye faida kubwa kuliko zote katika kutengeneza tovuti, na bado inaachwa.

Cha pili ni kueleweka na kuaminika. Mgeni anapotua anataka kujua hapa ni wapi, panatolewa nini, bei inaanzia ngapi, na kama kweli mpo. "Karibu kwenye tovuti yetu" inakula nafasi bora ya kioo bila kumwambia chochote. Kuaminika kunajengwa na vitu vidogo: picha za kwenu wenyewe, tarehe za karibuni, na HTTPS, yaani mawasiliano ya tovuti yaliyofungwa kwa usalama. Tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome kinamwonya mtu kwamba tovuti isiyo na HTTPS si salama, na mgeni akiona onyo hilo hakuulizi, anaondoka.

Cha tatu, kusomeka kwenye simu. Maandishi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe yanapendeza kwenye kompyuta ya fundi, chumbani, feni ikizunguka. Mtu aliyesimama kwenye mchanga saa 7 mchana haoni kitu. Miongozo ya kimataifa ya tovuti, WCAG, inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na toleo lake la mwaka 2023 linataka vitufe visiwe chini ya pikseli 24 kwa 24. Mimi ningekwenda mara mbili ya hapo, maana vidole vya watu vina jasho na gari linaruka. Tena ukurasa wenyewe usiruke: mgeni anataka kubonyeza "Piga simu", picha iliyochelewa inaingia, maandishi yanashuka, anajikuta amebonyeza kitu kingine.

Cha nne ni kuchukua hatua: kupiga simu, kuandika WhatsApp, kuagiza, kupata njia ya kufika. Cha tano ni matunzo na gharama, yaani nani atabadilisha bei ikipanda, na nini kitatokea asipokuwepo.

Aina ya 1: ukurasa mmoja

*Kasi.* Inaanza vizuri kwa sababu mgeni anafungua mara moja tu na hatasubiri tena. Ila ukiujaza picha 30 mfululizo, utakuwa mzito kuliko tovuti nzima ya kurasa kadhaa. Mwambie fundi aweke picha za chini zisubiri hadi mgeni azifikie. Vivinjari vya sasa vinaliweza hilo bila programu ya ziada.

*Kueleweka na kuaminika.* Hapa ndipo ulipo uwezo wake. Unampangia mgeni mambo kwa mfuatano unaoutaka wewe, na hawezi kupotea kwa sababu hakuna pa kupotelea. Chukua mwongoza watalii mwenye boti. Juu kabisa, chini ya picha moja ya boti ikiwa majini, anaandika hivi:

"Safari ya boti mdomo wa Ruvu, kutoka ufukwe wa Bagamoyo. Inachukua muda wa saa 3 hivi kwenda na kurudi. Watu 2 hadi 8. Bei ni ya boti nzima. Tunaondoka kwa kufuata maji. Tuulize saa ya siku yako."

Mistari michache, na familia ile ya kwenye gari imeshajua karibu yote. Sentensi ya mwisho ina uzito wake, maana mgeni wa Dar hajui habari ya maji kujaa na kupwa. Akija saa 4 kwa sababu ndiyo saa iliyomfaa, akakuta maji yametoka na boti imekaa kwenye tope, atasema mmemdanganya. Tovuti inayomweleza mapema kwamba saa inabadilika kila siku kwa sababu ya bahari imemwondolea ugomvi kabla hajatoka nyumbani.

Udhaifu upo kwenye kutafutwa. Ukurasa mmoja una kichwa kimoja cha habari, basi Google inauelewa kwa jambo moja. Ukitaka upatikane kwa "safari ya boti Bagamoyo", na kwa "ziara ya Kaole kwa wanafunzi", na tena kwa "chumba cha bei nafuu Bagamoyo", ukurasa mmoja unavutwa huku na huku.

*Kusomeka.* Mzuri kwenye simu, kwa sababu kidole cha mtu wa leo kimeshazoea kuteremka. Lakini ukizidi urefu, mgeni anayetaka namba ya simu tu atateremka mpaka achoke. Weka juu viungo vya kumrusha moja kwa moja kwenye Bei, Njia na Mawasiliano.

*Kuchukua hatua.* Kitufe cha WhatsApp kinachobaki chini ya kioo muda wote kinatosha. Hakuna haja ya fomu.

*Matunzo na gharama.* Nafuu kuliko zote. Ukiwa na mabadiliko ya bei, unabadilisha mahali pamoja.

*Inamfaa* mwenye huduma moja au mbili: boti, baiskeli za kukodi, mama mwenye chakula cha kuagiza, mwongoza watalii wa mji mkongwe, fundi wa hina.

Aina ya 2: kurasa kadhaa

*Kasi.* Kila ukurasa ni mwepesi peke yake, lakini mgeni anasubiri kila anapobonyeza. Akipitia kurasa 5, amesubiri mara 5. Ndiyo maana katika aina hii mpangilio wa menyu ni jambo la kasi pia: mgeni akifika penye jibu kwa kubonyeza mara 1, hakuhisi uzito, akizungushwa kwenye "Kuhusu sisi", kisha "Huduma zetu", kisha "Malazi", ndipo akute "Wasiliana nasi kwa bei", umemchosha kwa makusudi.

*Kueleweka na kuaminika.* Nyumba ya wageni yenye vyumba vya aina mbalimbali, ukumbi wa semina, chakula na ziara haiwezi kubanwa kwenye ukurasa mmoja bila kuwa fujo. Hapa kila swali linapata mlango wake: Vyumba na Bei, Ukumbi, Chakula, Kufika Kwetu, Mawasiliano. Maneno ya menyu yawe yale ambayo mgeni mwenyewe angeyatamka. Hakuna mtu anayeuliza "masuluhisho ya malazi". Anauliza vyumba.

Kuna faida moja ambayo watu wa mapokezi wanaifurahia sana wakishaizoea: kila ukurasa una anwani yake, basi mtu akiuliza kwenye WhatsApp "ukumbi unachukua watu wangapi?" unamtumia kiungo cha ukurasa wa Ukumbi, anakuta idadi ya viti, bei ya siku nzima na nusu siku, kama kuna projekta, na umeme ukikatika kuna jenereta. Mwalimu anayepanga safari ya wanafunzi 60 anautuma ukurasa huo huo kwa mwalimu mkuu wake. Tovuti ya ukurasa mmoja haiwezi kufanya hivyo kwa usafi ule ule.

Sasa jambo ambalo mafundi wengi hawalitilii maanani. Mgeni hapiti lazima kwenye mlango wa mbele. Google au rafiki anaweza kumtua moja kwa moja kwenye ukurasa wa Chakula. Kama ukurasa huo hauna jina la nyumba yenu, hauna "Bagamoyo, Pwani, kilomita 70 hivi kutoka Dar es Salaam", na hauna namba ya simu, basi mgeni ametupwa porini. Kila ukurasa ujitegemee kwa mambo hayo 3: sisi ni nani, tuko wapi, utupateje.

Kinachoua uaminifu wa aina hii ni ukurasa uliokufa. Fundi anakuwekea "Habari" kwa sababu kiolezo chake kilikuja nayo, mnaandika habari moja siku ya uzinduzi, halafu kimya miaka 3. Mgeni anaona tarehe ile na kujiuliza kama mmefunga. Vivyo hivyo kwa "Inakuja hivi karibuni". Ukurasa usio na cha kusema usiwepo.

*Kusomeka.* Kwenye simu menyu hujificha nyuma ya vile vistari 3, na wapo wageni, hasa watu wazima, wasiojua kwamba vile ni mlango. Kuandika neno "Menyu" pembeni yake hakugharimu kitu.

*Kuchukua hatua.* Unaweza kuwa na fomu ya kuombea nafasi. Uliza machache: jina, namba, tarehe ya kuingia na kutoka, idadi ya watu. Ukianza kuuliza namba ya pasipoti na kazi ya mtu kabla hajajua kama chumba kipo, anafunga. Tena ukishakusanya majina na namba za watu umeingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Omba unachokihitaji tu, na mwambie mgeni unakitumia kwa nini.

*Matunzo na gharama.* Hapa ndipo penye mzigo. Tovuti nyingi za aina hii hujengwa kwa WordPress, programu iliyoanza mwaka 2003 na inayofahamika kwa mafundi wengi, hivyo fundi mmoja akihama utampata mwingine. Lakini inataka kusasishwa mara kwa mara pamoja na programu-jalizi zake, yaani programu ndogo zinazopachikwa juu yake. Ikiachwa, wahalifu wa mtandaoni wanaingia. Lazima awepo mtu wenu wa ndani anayejua nywila na anayejua kubadilisha bei bila kumpigia fundi. Nywila zote, na usajili wa jina la tovuti, viwe kwa jina lako wewe mwenye biashara. Kwa majina yanayoishia na .tz, mbali ya .co.tz ipo hata .hotel.tz.

*Inamfaa* nyumba ya wageni yenye huduma zaidi ya moja, shule, taasisi, kampuni ya utalii yenye safari za Kaole, mji mkongwe na Hifadhi ya Taifa ya Saadani kwa pamoja.

Aina ya 3: picha kwanza

*Kasi.* Hii ndiyo inayoumia zaidi, na hesabu niliyoipiga juu inahusu hapa kuliko kwingine. Video inayojichezesha yenyewe ukurasa unapofunguka inakula bando la mtu ambaye hakuiomba. Weka picha tulivu yenye kitufe cha kucheza, na chini yake andika urefu wa video: "dakika 1 na nusu". Anayetaka atabonyeza. Picha za orodha ziwe ndogo, kubwa ifunguke mtu akiigusa.

*Kueleweka na kuaminika.* Kwa mchongaji, picha ni hoja yenyewe. Mnunuzi anataka kuuona mlango mzima, kisha karibu kabisa, aone ua lilivyochongwa na patasi ilivyopita pembeni, aone na ukingo wa ubao. Picha hizo 3 zinamwambia mambo ambayo aya 10 haziwezi. Lakini chini yake anahitaji maneno machache yenye uhakika: mti gani, mninga au mwingine, urefu na upana kwa sentimita, bei, na kama upo, umeuzwa, au unatengenezwa kwa oda na kwa muda gani. Nimeona kurasa za wasanii wetu wenye mikono ya dhahabu zikiwa na picha nzuri tupu, bila kipimo wala bei, na mtu aliyependa analazimika kuuliza kila kimoja. Wengi hawaulizi.

Uaminifu wa picha uko kwenye ukweli wake. Bahari yetu hapa, hasa baada ya mvua, inabeba udongo wa Ruvu na maji yanakuwa ya rangi ya chai. Anayeweka picha ya maji ya buluu aliyoitoa mtandaoni anapata mgeni wa siku moja aliyekasirika. Onyesha ufukwe kama ulivyo: majahazi yamelala upande maji yakitoka, wavuvi wanashusha samaki, mikoko kwa mbali. Kuna watu wanaotafuta hicho hasa.

*Kusomeka.* Niseme kwa kirefu kuhusu tabia moja iliyoenea: bango. Tunatengeneza bango la WhatsApp lenye jina, bei, tarehe na namba ya simu, rangi zimeng'aa, kisha bango hilo hilo tunalipandisha kwenye tovuti kama ndiyo habari yenyewe. Kwa WhatsApp linafaa. Kwenye tovuti linamtesa kila mtu. Maandishi yaliyo ndani ya picha yanakuwa madogo kwenye kioo na mgeni anaanza kuvuta na kusogeza. Namba iliyomo haibonyezeki, anatafuta kalamu. Hawezi kuinakili anwani. Google haitegemei maneno ya ndani ya picha kama inavyoyategemea maandishi ya kawaida. Na mgeni asiyeona, anayetumia programu ya kumsomea kioo, anakutana na ukimya, au anasomewa jina la faili, "IMG" na tarakimu. Andika habari kwa maandishi ya kawaida, bango liwe pambo pembeni. Na kila picha iwe na maelezo mafupi yaliyofichwa nyuma yake kwa ajili ya msomaji wa namna hiyo: "Mlango wa mninga wenye maua ya yungiyungi, umefunguliwa nusu."

Picha zinazojibadilisha zenyewe juu ya ukurasa kila baada ya sekunde chache nazo nisingeziweka. Mgeni ameanza kusoma, inaondoka.

*Kuchukua hatua.* Kila kazi iwe na kitufe chake cha WhatsApp ambacho ujumbe wake umeshaandikwa: "Naulizia mlango namba 14." Mnunuzi habaki kueleza "ule wa katikati wenye maua", na msanii anajua anazungumzia kipi.

*Matunzo na gharama.* Kuitengeneza si ghali sana, kuilisha ndiko kazi. Inataka mtu mwenye jicho la picha, anayezipunguza kabla ya kuzipandisha, na anayeondoa vilivyouzwa.

*Inamfaa* mchoraji, mchongaji, mshonaji, kikundi cha ngoma na sarakasi, mpiga picha, na hoteli ya ufukweni ambayo mandhari ndiyo inayouzwa.

Mambo ambayo aina zote zinayahitaji

Lugha. Ukiwa na wageni wa ndani na wa nje, andika Kiswahili na Kiingereza, kila kimoja mahali pake kamili. Kuchanganya sentensi moja hivi na nyingine vile kunawachosha wote wawili. Ukurasa mmoja unabeba mzigo huu kwa shida, bora ufanye nakala 2. Saa nazo zifuate lugha: "saa 2 asubuhi" kwa Kiswahili iwe 8:00 kwa Kiingereza, la sivyo mtu atafika boti imeshaondoka.

Namba ya simu ianze na +255 na ibonyezeke. Mgeni aliyeko Ujerumani akipiga namba inayoanza na 07 hakupati.

Bei iwe ya shilingi. Kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutangaza bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Na bei iwepo. Najua wengi wanaogopa washindani waione. Mshindani wako anaijua bei yako tayari, ameshatuma mtu kuuliza. Mgeni ndiye asiyeijua.

Njia ya kufika iandikwe kama unavyomwelekeza mtu kwa mdomo, pamoja na alama ya ramani: shuka stendi, chukua bajaji, sema Mtaa wa India, nyumba yenye baraza la bluu.

Kwa hali yako

Ukiwa peke yako na huduma moja, na simu ndiyo ofisi yako, anza na ukurasa mmoja. Biashara ikikua utauongezea kurasa, na anwani haitabadilika.

Ukiwa na nyumba ya vyumba vichache, bila ukumbi wala mgahawa wa watu wa nje, ukurasa mmoja uliopangwa vizuri utamhudumia mgeni kuliko tovuti ya kurasa 9 ambayo nusu yake ni hewa. Ukiwa na ukumbi na makundi ya shule yanakuja, nenda kurasa kadhaa, na umteue mtu wa kuitunza kabla fundi hajaanza kazi.

Msanii anayeuza kwa jicho aende picha kwanza. Kikundi cha ngoma ningekishauri kichanganye: ukurasa wa mbele wa picha na video fupi, na ukurasa wa pili wa maneno matupu kwa ajili ya wanaokodi, wenye idadi ya wachezaji, muda wa onyesho, mahitaji ya jukwaa na usafiri.

Kama wateja wako wote wanatoka Instagram na wanatosha, huna haraka. Tengeneza ukurasa mmoja mwepesi wenye bei, njia na namba, uuweke kiungo chake pale kwenye wasifu wako. Utakuwa umewapunguzia watu kuuliza "bei gani?" kwenye kila picha.

Kama huna kabisa mtu wa kutunza, usichukue kurasa kadhaa hata kama fundi anakupa kwa bei ya chini.

Na kama bado unasita, fungua WhatsApp ya biashara yako, pitia maswali ya mwezi uliopita, uyaandike kwenye karatasi. Maswali yakiwa yale yale machache, bei, saa, mahali, ukurasa mmoja unatosha. Yakiwa ya watu tofauti wanaotaka vitu tofauti, walimu huku, wanandoa kule, waandaaji wa semina pale, unahitaji kurasa kadhaa. Yakiwa mengi ni "nitumie picha", umeshajibiwa. Mpe fundi karatasi hiyo hiyo. Tovuti ikikamilika, watafute watu 5 wasioijua biashara yako, idadi ambayo Nielsen aliipendekeza mwaka 2000, uwape simu mmoja mmoja, uwaambie watafute bei na njia ya kufika, nawe ukae kimya uangalie wanapokwama. Hapo wanapokwama ndipo fundi arekebishe kabla hujamlipa iliyobaki.